Zawadi ya sikukuu kwa mtoto: chagua kitu ambacho kazi yote anafanya yeye

Sikukuu zikikaribia swali linakuwa lile lile, nimnunulie mtoto nini, na wengi wetu tunaishia kusimama mbele ya rafu imejaa maboksi yanayometameta, kila moja limetobolewa katundu pale mbele ili ubonyeze kitufe usikie linavyoimba, alafu unachukua lile lililokufurahisha wewe mtu mzima. Mi nilishafanya hivyo. Nilimnunulia mtoto wa kaka yangu treni ya betri, inapiga honi, inawasha taa, inazunguka kwenye reli ya duara. Alikuwa na miaka 4. Akaifungua, ikazunguka, akacheka, ikazunguka tena, akaitazama mara ya tatu, akanyanyuka akaenda zake, dakika kumi hazikufika. Sasa ndani ya boksi kulikuwa na vile vipande vya kartoni vya kutenganisha mabehewa yasigongane, akavitoa kimoja kimoja akavisimamisha mstari mmoja ukutani, nikamuuliza hawa kina nani akaniambia "wagonjwa". Kila kipande na ugonjwa wake, huyu anaumwa tumbo, yule anaumwa mkia, yule wa mwisho haumwi chochote ila amemsindikiza mama yake. Alafu akanigeukia, "Shangazi, na wewe kaa kwenye foleni." Nilikaa kwenye ile foleni mpaka jioni, na kesho yake asubuhi nikakuta imehamia chini ya meza kwa sababu usiku hospitali ilinyeshewa mvua.

Treni ilikuwa inacheza yenyewe, yeye alikuwa mtazamaji. Vile vipande vya kartoni havikuwa na cha kufanya mpaka yeye aseme ni nini. Hilo ndo nataka tulizungumze hapa kwa urefu, jinsi ya kuchagua zawadi ambayo mtoto ndo anafanya kazi, sio zawadi inayofanya kazi mtoto akiwa amekaa anaangalia.

Unatafuta kitu cha namna gani hasa

Kuna vitu vya kuchezea vyenye jibu moja. Kitufe ukibonyeza ng'ombe analia, basi, hakuna namna nyingine ya kukibonyeza. Na kuna vitu visivyo na jibu, kipande cha mbao leo ni simu, kesho ni sabuni, keshokutwa ni daraja, na wala hakijabadilika, aliyebadilika ni mtoto. Hivi vya pili ndo vinadumu, kwa sababu mtoto anakua navyo, wa miaka 2 anavigonganisha asikie mlio, wa miaka 5 anajengea nyumba, wa miaka 8 anavipanga aone vinavyoangushana vyote mpaka cha mwisho.

Na hii sio habari ya jana. Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyetuachia neno lenyewe la kindergarten mwaka 1840, yaani bustani ya watoto, alikuwa na seti zake za vitu vya kuchezea, mipira laini ya uzi, tufe na mchemraba na mcheduara wa mbao, alafu michemraba iliyokatwa vipande vipande mtoto aibomoe aijenge upya, na aliviita hivyo vitu "zawadi". Frank Lloyd Wright, msanifu majengo mkubwa wa Marekani, alichezea vipande hivyo akiwa mdogo na akawa anavitaja kwenye maandishi yake mpaka uzeeni. Mwaka 1971 Mwingereza Simon Nicholson akaandika makala kuhusu vitu vilivyo huru, yaani vinavyohamishika na kuunganishwa na kutenganishwa, akasema kadiri mazingira yanavyokuwa na vitu vingi vya kuhamishwa na kugeuzwa ndivyo watu wanavyozidi kubuni humo. Na kuna makumbusho ya michezo huko Rochester, New York, inaitwa The Strong, ina orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea vya wakati wote, na unajua waliingiza nini? Mwaka 2005 boksi la kartoni. 2008 fimbo, ndio, kijiti cha chini ya mti. 2011 blanketi. 2021 mchanga. Kwa hiyo ukimuona mtoto kaacha zawadi kashika boksi usikasirike, kachagua kitu cha kwenye orodha.

Ukiwa dukani, au unaperuzi mtandaoni, jiulize haya maswali kabla hujalipa. Betri ikiisha, hiki bado ni kitu cha kuchezea au ni takataka? Naweza kutaja vitu 5 ambavyo mtoto anaweza kukifanya kiwe, vitano kweli, bila kusoma maandishi ya kwenye boksi? Mwakani atakuwa bado anakitumia? Na hili la mwisho mi nalipenda kuliko yote, kipande kimoja kikipotea chini ya kochi, mchezo umekufa? Vitofali 60 vikibaki 57 hakuna anayejua. Mashine yenye kadi zake 12 ikikosa kadi 2 ndo imeisha hivyo.

Sisemi pazeli ni mbaya, au michezo ya ubao yenye kanuni, hapana, ina nafasi yake na mtoto anajifunza kusubiri zamu na kukubali kushindwa, ninachosema ni kwamba nyumba nyingi hizo zipo tele na zile nyingine hazipo kabisa.

Mwangalie mtoto kwanza, duka baadaye

Hapa ndo penye siri yenyewe na ndo watu wengi wanaparuka. Kabla hujanunua chochote tafuta siku tatu nne ukae pembeni umuangalie mtoto anafanya nini akiwa hajaambiwa cha kufanya. Usimuulize anataka nini, atakutajia tangazo alilolitazama jana. Angalia mikono yake. Watoto wana tabia wanairudia rudia wiki nzima, mwezi mzima, na ukishaiona hiyo tabia zawadi inajichagua yenyewe.

Kuna mtoto kazi yake kubeba. Anajaza viatu kwenye mfuko, anaupeleka chumbani, anamwaga, anajaza tena. Huyu mpe vikapu vidogo, kibegi chenye zipu, ndoo yenye mkono, kitoroli cha kusukuma, na vitu vingi vidogo vidogo (sio vya kumezeka) vya kusafirisha. Mwingine anafunika, anajificha nyuma ya pazia, anamfunga mdoli shuka mpaka kichwani, anatumbukiza rimoti kwenye soksi. Huyo anataka vitambaa, vipande vitatu vinne vikubwa, mita moja na nusu hivi kila upande, vyepesi, rangi tofauti, pamoja na vibanio vya nguo na tochi. Vitambaa jamani, mi nashangaa watu hawanunui vitambaa. Kitambaa kimoja cha bluu ni bahari, ni joho, ni hema, ni kitanda cha mgonjwa, ni kilemba, na usiku ukikikunja hakichukui nafasi hata ya kiatu.

Kuna wa kurusha. Huyu ndo anapigiwa kelele kutwa, na anaitwa mtundu, kumbe anachunguza tu vitu vinaendaje vikiachiwa. Nilikuwa na mtoto wa jirani wa namna hiyo, kijiko kinaruka, kiatu kinaruka, mama yake kachoka. Tukamshonea vifuko 8 vya kitambaa cha jinzi kuukuu, ukubwa wa kiganja, tukajaza mbegu kavu tukashona mara mbili ili zisitoke, tukampa na ndoo tatu. Wiki ya kwanza alikuwa anarusha tu. Wiki ya pili ndoo zikawa na umbali tofauti. Baadaye akaanza kurusha akiwa amefumba macho, akiwa amegeuka, akiwa na dada yake anahesabu, na kanuni wanatunga wenyewe na wanagombana juu ya kanuni na wanapatana wenyewe, na huko kugombana na kupatana nako ndo mchezo. Mtoto wa kurusha mpe pia mipira ya ukubwa tofauti na uzito tofauti, na bomba refu la kartoni au ubao wa kuinamisha, aone kipi kinawahi kufika chini.

Wa kuzungusha, anayegeuza baiskeli juu chini ili azungushe gurudumu, mpe pia ile ya kuchezea inayozunguka chini, magurudumu na vijiti vya kuyapitisha, vifuniko vya mitungi. Wa kupanga mistari mpe vitu vingi vinavyofanana, wanyama wadogo, vipande vya mbao vya duara, mawe laini makubwa. Wa kuunganisha ambaye ameshafunga mlango na kiti kwa mkanda wa kanzu, mpe selotepu ya karatasi, roli nzima iwe yake mwenyewe, na mkasi kama umri unaruhusu, na vitofali vya kubanana. Roli ya selotepu kama zawadi watu wanaona ni dharau, jaribu uone sura ya mtoto ukimwambia hii yote ni yako na hakuna wa kukuuliza umeimaliza wapi.

Na wa kuigiza, anayeongea peke yake sauti mbili, huyu hahitaji mdoli anayeongea. Mdoli anayeongea anamkatiza. Mtafutie mdoli wa kawaida ambaye uso wake umetulia, hajacheka sana wala hajanuna, ili leo aweze kuwa na huzuni na kesho awe bibi harusi. Muongezee kofia, mikoba, miwani isiyo na vioo, simu kuukuu iliyotolewa betri, vyombo halisi vidogo vya jikoni.

Kuhusu vitofali vya mbao

Nimevitenga kwa sababu kama una uwezo wa kutoa zawadi moja tu kubwa kwa mtoto wa kuanzia mwaka mmoja na nusu mpaka darasa la tatu la nne hivi, mi ningesema hii. Lakini nunua kwa akili. Mwanzoni mwa karne iliyopita mwalimu mmoja wa New York, Caroline Pratt, alitengeneza vitofali ambavyo mpaka leo shule nyingi za awali zinatumia mfumo wake, na siri yake ni vipimo tu. Kipande cha msingi kina urefu mara mbili ya upana, na upana mara mbili ya unene, kama sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5. Kuna kirefu ambacho ni viwili vya msingi, na kirefu zaidi ambacho ni vinne. Kwa hiyo mtoto anayejenga ukuta akiishiwa virefu anagundua mwenyewe kwamba vifupi viwili vinaziba lile pengo sawasawa, na hapo ameshashika nusu na robo kwa mikono yake kabla mwalimu hajaandika ubaoni.

Ndo maana vipimo vikikosewa kila kitu kinaharibika. Chukua vipande viwili vilivyotakiwa kulingana, visimamishe juu ya meza vimegusana, pitisha kidole juu pale vilipokutana. Kidole kikikwama, rudisha. Mnara wa vitofali visivyolingana utaanguka kila ukifika cha sita na mtoto atajiona yeye ndo hawezi, kumbe ni mbao. Viwe vya mbao ngumu yenye uzito kidogo, vimepigwa msasa pembe zote, na visiwe na herufi na picha zimechorwa kila upande, maana ukishachora samaki juu yake hicho ni samaki. Na viwe vingi. Vitofali 15 vya rangi rangi kwenye kiboksi kizuri vinaisha kabla ukuta haujaonekana kuwa ukuta, bora maumbo manne tu ila vipande 50 au 60. Fundi seremala anaweza kukukatia kutokana na mabaki ya mbao, mpe vipimo vimeandikwa, mwambie usahihi ndo unaoulipia, na asipake vanishi.

Vile vya plastiki vya kubanana navyo ni vizuri sana. Lego, kampuni ya kule Billund, Denmark, kipande chao cha mwaka 1958 kinabana na cha leo, yaani unaweza kurithisha. Na vipande 6 tu vya vile vyenye vichwa 8, yaani vile vinundu vya juu, vya rangi moja, vinaunganika kwa namna 915,103,765. Sita tu! Sasa ukinunua seti yenye picha ya jengo moja na kitabu cha hatua 140, mtoto atafuata hatua, jengo litakaa juu ya kabati na ataambiwa usiguse litabomoka. Kama ndo hiyo umepata sio mbaya, ila mkubaliane tangu mwanzo kwamba likikaa wiki mbili linabomolewa na vipande vinaingia kwenye ndoo kubwa pamoja na vingine. Ukiwa na uchaguzi chukua ndoo ya vipande vya kawaida.

Umri, kwa kifupi

Kichanga anayekaa lakini hajaanza kutambaa, mtengenezee kikapu. Elinor Goldschmied, mtaalamu wa malezi ya watoto wa Uingereza, alikiita kikapu cha hazina: kikapu kifupi cha chini kisichopinduka, ndani vitu vya nyumbani vya kila aina, kijiko cha mbao, brashi safi, kijiko cha chuma, kitambaa cha hariri, sponji la kusugulia mgongo, chungwa zima. Vyote vimeoshwa, hakuna cha kumezeka, hakuna cha kukatika. Unakaa karibu unaangalia bila kuingilia. Mtoto wa miezi 7 anaweza kukaa na kijiko cha baridi mdomoni akakigeuza, akakitazama, akakirudisha, dakika nyingi kuliko unavyotegemea.

Mwaka 1 mpaka 3 ni kumimina, kujaza na kumwaga. Vikombe vinavyoingiliana, chujio, faneli, chupa, mchanga, maji. Kwenye maji usiondoke hata kwenda kufungua mlango, maji ya sentimita chache tu kwenye beseni yanatosha kumzamisha mtoto mdogo.

Miaka 3 mpaka 6 nimeshaisema karibu yote huko juu.

Kuanzia miaka 7 ndo tunapokosea, tunadhani kucheza kumeisha tunarukia vifaa vya skrini. Huyu mpe zana za kweli, kwa ukubwa wa mkono wake. Mkasi unaokata kweli, maana ule butu unamkatisha tamaa. Sindano nene, nyuzi na mabaki ya vitambaa. Nyundo ndogo, misumari na gogo laini. Kamba mita 10 na kapi mbili, aone jinsi ndoo nzito inavyopanda. Kioo cha kukuzia. Daftari kubwa lisilo na mistari. Karata, pakiti moja ina michezo mingi kuliko atakayoweza kujifunza utoto wake wote, na mingine atabuni. Kaa naye mara ya kwanza umuonyeshe kushika nyundo na wapi vidole vikae, alafu muachie, ukibaki kwa macho.

Kama unataka kutengeneza mwenyewe

Unga wa kuchezea ndo rahisi kuliko vyote. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kula, alafu maji ya moto kama kikombe 1 na nusu ila usimwage yote, mimina kidogo kidogo huku unakoroga na mwiko. Mwanzoni utaona unanata na umevurugika utasema nimeharibu, acha upoe, kanda kwa mkono dakika tano, utageuka wenyewe uwe laini kama ndewe ya sikio. Ukinata bado ongeza unga kidogo, ukipasuka ongeza matone ya maji. Gawa mara tatu tia rangi za chakula. Kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana unakaa wiki kadhaa. Chumvi ni nyingi kwa hiyo sio wa kula, na kama kuna mbwa nyumbani uweke mbali naye kabisa, akila mwingi inakuwa hatari kwake.

Ukiutoa kama zawadi, ambatanisha kijiti kifupi cha kusukumia, uma kuukuu, kipande cha wavu, vifuniko vya chupa kubwa, gome la mti. Vile vikatio vya umbo la nyota na moyo mi siviweki. Mtoto akipewa umbo la nyota atabonyeza nyota ishirini atasimama. Akipewa uma atajiuliza uma unaacha alama gani, alafu anaanza kutengeneza nungunungu.

Usalama, hapa hakuna mzaha

Vitu vilivyo huru mara nyingi ni vidogo, na hapo ndo lazima uwe makini, hasa nyumba yenye watoto wa rika tofauti maana cha mkubwa kitafika mdomoni kwa mdogo. Kipimo cha maabara cha kitu kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3 ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, nyumbani tumia kile kiini cha kartoni cha karatasi ya chooni ambacho ni kipana kidogo zaidi, kitu kikipita humo ndani asipewe.

Betri bapa za duara kama sarafu ni adui mkubwa. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2 tu, kwa hiyo kitu chochote chenye betri hiyo kiwe na kifuniko cha skrubu, na ukihisi tu mtoto kameza, hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri dalili. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo, zikimezwa mbili zinavutana zikiwa kwenye sehemu tofauti za utumbo zinatoboa. Zile shanga za maji zinazovimba, ziache dukani, zinavimba hata tumboni. Maputo yasiyo na hewa na vipande vya puto lililopasuka, yaokote mara moja. Kamba ndefu hazikai na mtoto mdogo peke yake wala kitandani. Na vitu vya zamani vilivyopakwa rangi ambavyo hujui historia yake, pambia tu ukuta, rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi.

Ngapi?

Chache. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha utafiti wao, waliwaweka watoto 36 wa miezi 18 mpaka 30 wacheze, mara moja wakiwa na vitu 4, mara nyingine vitu 16. Kwenye vinne walikaa na kila kitu muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa njia nyingi zaidi. Ukifikiri utaona ndo hivyo hivyo, ukimmwagia mtoto vitu 16 anaviokota na kuviacha. Kwa hiyo sikukuu ikileta zawadi 11 kutoka kwa ndugu, fungueni zote kwa furaha, alafu usiku vingi vipeleke juu ya kabati, viwe vinashuka kimoja kinapanda kingine kila baada ya wiki kadhaa. Na vilivyopo viweke kwenye rafu fupi anayoifikia, vionekane, sio kwenye sanduku refu ambalo cha chini hakijaonekana tangu mwaka jana.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2016, wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 mpaka 16, wakapewa vitu vya kielektroniki, vitu vya kawaida, na vitabu. Kwenye vile vya kielektroniki wazazi waliongea maneno machache zaidi, na watoto nao walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na vitabu. Kitu kinaongea, mama ananyamaza. Mi hilo ndo limenikaa.

Kuongea na babu, bibi na wajomba

Wao wananunua kwa mapenzi na hutaki kuwavunja moyo. Usiwatumie orodha ya marufuku. Watumie habari ya mtoto, kitu kama "Bibi shikamoo, mjukuu wako siku hizi anajenga tu, jana kajenga zizi kwa viatu vyote vya nyumba nzima, tunatamani apate vitofali vya mbao au vitambaa vikubwa vya kufanyia hema, ukituchangia hapo tutashukuru sana." Bibi akishaona lile zizi la viatu kichwani mwake hawezi tena kununua roboti. Na ndugu wakiweza kuungana kununua seti moja kubwa iliyo bora, ni nzuri kuliko vidude sita.

Siku yenyewe

Toa vitu kwenye plastiki usiku wake, hakuna kinachochosha mtoto kama kusubiri mtu mzima apambane na waya za kufungia. Mpe, alafu kaa kimya. Hii ngumu, mkono unawasha kumwonyesha, lakini ukimwonyesha kwamba vitofali ni vya kujenga mnara atajenga mnara. Kaa sakafuni karibu naye na wewe chukua kipande, kiguse, kigeuze. Akikuuliza hiki cha nini, mwambie sijui, unaonaje wewe? Usimuulize "umejenga nini", labda hajajenga kitu, sema tu unachokiona, "naona umeweka virefu vyote huku", atakueleza yaliyobaki. Siku ya kwanza anaweza asishike kabisa, au avimwage aende zake. Viache vilipo. Siku ya tatu ya nne, akiwa hana cha kufanya na hakuna skrini imewashwa, ndo utamsikia.

Na boksi usilitupe. Toa pini zote za kushikizia, toa utepe na plastiki, kata zile kona zilizochongoka, lisukume katikati ya chumba mlango wake ukiwa wazi.